Kidonda cha kaswende kimefunga, mbona ugonjwa haujaondoka?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, niko kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Tanga. Wiki iliyopita alikuja mvuvi mmoja wa makamo. Anasema miezi miwili nyuma aliota kidonda kisichouma sehemu za siri, akapewa dawa ya mitishamba ya kukandia, kikafunga kabisa. Sasa ana vipele hadi kwenye viganja na nyayo, na vipimo vyake viwili vya damu vya kaswende vimetoka hivi: RPR nimeisoma 1:64 (seramu, yaani maji ya damu, imezimuliwa hadi sehemu moja kwa 64 na bado inaonyesha chanya), TPHA chanya. Kama mwili wake umetengeneza kingamwili nyingi kiasi hicho, kwa nini bado anaumwa? Je, ni kweli bakteria wa kaswende hubadili jeni zake ili kinga isimtambue? Na kwa nini naambiwa TPHA yake haitarudi kuwa hasi hata akishatibiwa? (Msomaji wa Makorora, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maswali yako matatu nitayajibu kwa mfuatano ninaouona mimi, kwa sababu yote yanarudi kwenye jambo moja ambalo wengi wetu hulipita haraka: kidonda cha yule mvuvi kilifunga kwa sababu kinga yake ilifanya kazi vizuri. Haikuzembea wala haikushindwa. Pale palipokuwa na kidonda ilishinda, ikaua bakteria kwa wingi, na ushindi huo ndio uliomhadaa mgonjwa, ukampa mganga sifa isiyo yake, na ukaacha nyuma bakteria wachache ambao kinga hiyohiyo, kwa namna ilivyofunzwa, haikuwa na njia ya kuwashika. Hata kama dawa ya kukandia ingekuwa maji matupu, kidonda kingefunga vilevile ndani ya wiki 3 hadi 6.

Tuanze na bakteria mwenyewe, maana ukimjua alivyo, nusu ya swali lako inajijibu. Jina lake ni Treponema pallidum, na waliomwona mara ya kwanza ni Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, mjini Berlin, mwaka 1905. Kuchelewa huko kulikuwa na sababu. Urefu wake ni mikromita 6 hadi 15, lakini unene wake ni karibu mikromita 0.2 tu, yaani amekaa ukingoni mwa kile ambacho hadubini ya kawaida inaweza kukitenganisha, na rangi ya Gram, ile ya kawaida ya kupakia bakteria, haimshiki vya kutosha ukamwona. Bahati ikikujalia, likakamuliwa tone la majimaji kutoka kwenye kidonda kibichi na kuwekwa chini ya hadubini ya uwanja mweusi kabla halijakauka, utaona uzi mweupe uliojisokota kwa mizunguko inayolingana, unaozunguka mahali pamoja kama kekee ya seremala, kisha ghafla unajikunja katikati kama kiwiko, unanyooka, unaendelea. Nilipomwona mara ya kwanza nilisahau kuhesabu nilichotumwa kuhesabu. Huko kuzunguka ndiko kunakompitisha katikati ya seli za mwili, na injini zake, yaani mijeledi, hazikuning'inia nje kama za bakteria wengine, bali zimefichwa ndani, chini ya utando wa nje. Kumbuka hilo, kwa sababu kwa bakteria wengi mjeledi ni kitu ambacho kinga hukikamata mapema.

Mwaka 1998 herufi zote za DNA yake zilisomwa. Zilikuwa takriban milioni 1.14, zenye jeni 1,041. Linganisha na Escherichia coli (E. coli), bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara, mwenye herufi milioni 4.6 na jeni zaidi ya 4,000. Bakteria wa kaswende ni maskini wa kupindukia: hana mzunguko wa Krebs (njia ya seli ya kuzalisha nguvu kutokana na chakula), hawezi kujitengenezea asidi za mafuta, amino asidi nyingi hana njia ya kuziunda, hata viungo vya kujengea DNA yake huvichukua kwa mwenyeji. Ni mgeni aliyekuja na mdomo tu. Ndiyo maana kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeweza kumwotesha kwenye sahani. Aina iitwayo Nichols, iliyopatikana mwaka 1912 kutoka kwenye maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa mmoja, ilihifadhiwa kwa kuhamishwa kutoka korodani za sungura mmoja kwenda kwa mwingine, na ni mwaka 2018 tu ndipo ilipotangazwa njia ya kumkuza kwa muda mrefu nje ya mnyama, nako pia akiwa amelala juu ya seli za sungura zilizo hai. Hugawanyika mara moja kwa saa 30 na ushee, wakati E. coli aliyeshiba hugawanyika kila dakika 20. Nimekaa kwenye umaskini huu kwa makusudi. Wanafunzi wengi huja na picha ya adui mwenye silaha nyingi, ilhali huyu hana sumu kali ya kumwaga wala sindano ya kuchoma seli. Madhara mengi tunayoyaona kwa mgonjwa, kidonda chenyewe kikiwamo, ni kazi ya kinga inayomsaka.

Sasa tazama ngozi yake, maana hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Bakteria wengi wa kundi lenye tando mbili hubeba juu ya utando wa nje mafuta yenye sukari ambayo chembe nyeupe zetu huyatambua mara moja na kupiga kelele. Treponema hana. Juu ya utando huohuo E. coli ametapakaa protini. Treponema ana karibu sehemu moja tu ya mia ya idadi hiyo. Protini zake zilizo nyingi, zile zenye kichwa cha mafuta, kama TpN47, TpN17 na TpN15, ambazo ndizo mwili huzitengenezea kingamwili kwa wingi, karibu zote zimekaa ndani, chini ya utando wa nje. Bakteria akiwa mzima, kingamwili hizo zinapita ubavuni mwake na hazina pa kushika. Akifa na kupasuka ndipo vilivyomo hutoka nje, kinga ikaviona, ikavitengenezea kingamwili zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kingamwili za yule mvuvi ni za maiti. Zinawajua vizuri waliokufa, na waliobaki hai haziwagusi.

Na ile 1:64 uliyoisoma iko mbali zaidi na bakteria kuliko unavyodhani. Ulipoitikisa kadi ya RPR kwa dakika 8 kwenye kizungushio, ukaona punje nyeusi za mkaa zikikusanyika na kuacha nyeupe katikati ya duara, kilichoshikana pale hakikuwa protini ya Treponema. Ni kadiolipini, mafuta ambayo hata mitokondria za seli zetu zinayo. Kipimo cha kwanza cha aina hii, cha Wassermann, cha mwaka 1906, kilitumia ini la watoto waliozaliwa wafu kwa kaswende, kwa kudhani kwamba humo ndimo wamo bakteria. Baadaye ikaonekana kwamba hata moyo wa ng'ombe mzima unatoa majibu yaleyale, na mwaka 1941 Mary Pangborn akayatenga mafuta yenyewe. RPR inapima fujo: seli zinazoharibika na bakteria wanaokufa, mafuta yao yakimwagika na kinga ikiyachukia. Ulizimua seramu mara 6, kila mara nusu kwa nusu, na bado punje zilikusanyika. Hiyo inakuambia moto ni mkubwa kiasi gani. Haikuambii kwamba kuna ulinzi mkubwa kiasi hicho. (Na kwa kuwa uko maabara: seramu yenye kingamwili nyingi kupita kiasi inaweza kuonekana hasi isipozimuliwa, na wagonjwa wa vipele vya viganja ndio hasa wanaoweza kukupiga chenga hiyo. Ukiona vipele kama hivyo na RPR hasi, zimua kwanza kabla hujaandika.)

Turudi kwenye kidonda. Bakteria wachache wanatosha kuanzisha ugonjwa. Majaribio ya zamani kwa binadamu yalikadiria kwamba kiasi cha 57 tu kinatosha kumwambukiza nusu ya watu waliodungwa. Huingia kwenye mchubuko, wanaanza kugawanyika polepole, na kwa wastani siku 21 hupita kabla uvimbe mgumu haujatokea na kupasuka kuwa kidonda. Katika muda huo seli za ulinzi za ngozi zimekwisha kubeba vipande vya bakteria hadi kwenye tezi za kinena, ndiyo maana mtoki huja na kidonda, na huko seli T, aina ya chembe nyeupe za ulinzi, zimefunzwa. Zikirudi kidondani hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, ambayo huwaamsha makrofaji, wale walaji wakubwa wa mwili, wawe wakali. Wakati huohuo zile kingamwili chache zinazoweza kushika protini haba za ngozi ya nje humpaka bakteria, na makrofaji aliyeamshwa humeza kilichopakwa. Waliochunguza sungura waliona jambo hili wazi: bakteria hujaa, seli T huingia, makrofaji hufuata, na ndani ya siku chache bakteria hupungua kwa kiasi kikubwa sana. Kidonda hukauka. Mvuvi hurudi kwenye ngalawa yake.

Lakini ndani ya saa chache tangu kuingia, kabla hata ya uvimbe wa kwanza, baadhi ya bakteria walikuwa wamekwisha kuingia kwenye damu na kusambaa. Na hata palepale kidondani, si wote waliomezwa. Ukichukua bakteria waliosalia baada ya usafi huo ukawajaribu na makrofaji pamoja na seramu ya sungura yuleyule, huonekana kundi dogo ambalo haliliwi. Swali la wanasayansi kwa miaka mingi lilikuwa: hao wana nini ambacho wenzao hawakuwa nacho?

Hapa ndipo tunafika kwenye jeni. Bakteria huyu ana ukoo wa jeni 12 uitwao tpr, idadi kubwa kwa mtu mwenye mali kidogo kama yeye, na mmoja wao, tprK, una tabia ya pekee. Protini yake ina maeneo 7 yanayobadilika, na inaaminika kwamba maeneo hayo ndiyo yanayoelekea nje, yaani ndiyo kinga inayoyaona. Mahali pengine kwenye DNA yake, karibu na jeni ya tprD, zimehifadhiwa vipande 53 ambavyo peke yake havitengenezi chochote. Mara kwa mara bakteria hunakili kipande kimoja au sehemu yake, akaibandika juu ya eneo mojawapo kati ya yale 7, na eneo hilo likapata sura mpya. Mfikirie mshonaji wa kofia za vito aliye na vielezo 53 ukutani na kofia moja mkononi yenye nafasi 7 za kutia nakshi. Anafumua nakshi ya nafasi moja, anashona nyingine kwa kutazama kielezo, na kielezo kinabaki ukutani palepale, hakijapungua. Kesho anaweza kuchukua robo ya kielezo kimoja na robo ya kingine akaziunganisha. Hesabu ya kofia zinazoweza kutoka hapo ni kubwa kuliko tunavyohitaji kuijua. Inatosha kusema kinga haiwezi kuzimaliza.

Kingamwili zilizofunzwa kwa sura moja ya eneo hazishiki sura nyingine. Hilo limeonyeshwa kwa sungura. Imeonyeshwa pia kwamba ukimpunguza sungura kinga kwa dawa, sura mpya za TprK (protini ya jeni ya tprK) hujitokeza polepole zaidi, na akiwa na kinga timamu huongezeka kadiri ugonjwa unavyoendelea. Ushahidi ninaoupenda kuliko yote ulikuja mwaka 2023. Baada ya bakteria kuweza kukuzwa maabara, watafiti wa Seattle, Marekani, walijifunza kumhariri jeni zake, jambo ambalo halikuwezekana kabla ya hapo, wakaondoa sehemu kubwa ya vile vielezo. Bakteria aliyebaki na kofia moja alipowekwa kwa sungura alisababisha ugonjwa mwepesi zaidi, vidonda vichache na bakteria wachache mwilini. Alikuwa mzima katika kila jambo jingine. Alichonyang'anywa ni mabadiliko.

Kwa hiyo, kwa swali lako la pili jibu ni ndiyo, hubadili jeni, ila nakuomba ulikate neno moja kwenye sentensi yako: "ili". Bakteria hajui kwamba kuna kinga, wala hasubiri hatari ndipo abadilike. Nakala zile hubandikwa kwa kubahatisha, kwa bakteria huyu na si kwa yule, kinga iwepo isiwepo. Kinga ndiyo inayochagua: inawala wote waliovaa kofia inayoijua, na yule aliyebahatika kuvaa nyingine anabaki peke yake uwanjani na kuzaa watoto wenye kofia yake. Mwanafunzi akishika "ili" huishia kuamini kwamba bakteria ana akili, na akishaamini hivyo, hana haja tena ya kuuliza utaratibu wenyewe unafanyikaje.

Kuna namna ya pili, tofauti na ya kwanza, na hii ndiyo hasa inayohusu kusomwa kwa jeni, yaani jeni gani inatoa protini kwa wingi na ipi inakaa kimya. Kwenye TprK herufi za protini yenyewe hubadilika. Kwenye jeni nyingine za ukoo huo, kama tprF, tprI, tprE, tprG na tprJ, herufi za protini hubaki zilezile, kinachobadilika ni kiasi kinachotengenezwa. Mbele ya jeni hizi, pale ambapo mashine ya kusoma huanza kushika, kuna mfululizo wa herufi moja, G, iliyorudiwarudiwa. Herufi zikiwa zinafanana hivyo, kinachonakili DNA hupotea hesabu, kama mtu anayevuta tasbihi huku amesinzia: punje moja hurukwa, au hupitiwa mara mbili. Bakteria mzazi ana G 8, mtoto mmoja anatoka na 9. Tofauti hiyo ya herufi moja si ndogo hata kidogo. Zikiwa 8 au pungufu, jeni husomwa; zikizidi hapo, usomaji hushuka hadi karibu haupimiki. Inaelekea ni kwa sababu mfululizo uliorefuka husogeza sehemu mbili ambazo mashine ya kusoma inapaswa kuzishika kwa pamoja, zikawa hazipo tena kwenye umbali unaotakiwa. Ndani ya kidonda kimoja, basi, kuna bakteria ndugu wa toka nitoke ambao wengine wamevaa protini hii na wengine wameivua.

Ukiacha bahati nasibu hizi, uwezo wake wa kuwasha na kuzima jeni kwa kufuata mazingira ni mdogo, na hilo linalingana na umaskini wake. Anayo swichi moja inayofahamika vizuri, protini iitwayo TroR, ambayo ikishikana na madini kama manganizi hufunga jeni za kuyaingiza madini hayo, na yakipungua huziachia. Lakini joto likipanda hana lile jibu la haraka ambalo bakteria wengi wanalo la kutengeneza protini za kujikinga. Maabara anakuzwa kwenye nyuzi 34, si 37, na anastawi penye ubaridi kidogo kama ngozi na korodani. Wakati penisilini haijapatikana, udhaifu huu uligeuzwa tiba: mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwaambukiza wagonjwa wa kaswende ya ubongo malaria kwa makusudi, ili homa imchome bakteria, kisha akawapa kwinini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Sisi wa Tanga, tunaoijua malaria kwa majina yake yote, tunaweza kuona jinsi watu wa zama zile walivyokuwa wamekata tamaa.

Sasa vipele vya mvuvi wako. Wale waliosambaa mapema, pamoja na waliosalia baada ya kidonda kufunga, waliendelea kugawanyika kwenye ngozi ya mwili mzima, na kinga ilipowakuta huko ilianza upya kazi ileile iliyoifanya kidondani, safari hii kwenye mamia ya sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Kila kipele ni kidonda kidogo ambacho hakikupasuka. Navyo vitaondoka vyenyewe hata asipotibiwa, na mganga atasifiwa mara ya pili. Baada ya hapo ugonjwa hukaa kimya kwa miaka. Tunajua mwendo huu hasa kutokana na wagonjwa karibu 2,000 wa Oslo ambao, kati ya 1891 na 1910, daktari wao hakuwapa zebaki, dawa ya zama zile, kwa kuona madhara yake ni makubwa kuliko faida. Walipofuatiliwa miongo kadhaa baadaye ilionekana kwamba wengi hawakupatwa na madhara ya mwisho ya moyo, mifupa au ubongo, lakini sehemu isiyozidi theluthi moja walipatwa nayo.

Usifikiri pia kwamba baada ya tiba atakuwa na kinga ya kumlinda. Mtu aliyetibiwa mapema anaweza kuambukizwa tena, kwa sababu alichojifunza kinga yake ni sura chache za bakteria mmoja. Hata chanjo imekwama hapohapo. Jaribio lililofanikiwa kuliko mengine, la mwaka 1973, lilimkinga sungura kwa kumdunga bakteria waliouawa kwa mionzi, lakini ilibidi apigwe sindano 60 kwa wiki 37, na hakuna binadamu utakayempeleka kliniki mara 60.

Tiba yenyewe ataipanga tabibu wake, ila inafaa ujue kwa nini iko hivyo. Benzathini penisilini, vitengo milioni 2.4 msulini, hukaa kwenye damu kwa kiwango kidogo kwa wiki kadhaa, na hicho ndicho kinachotakiwa: penisilini huua bakteria anayejenga ukuta wake ili agawanyike, na huyu hugawanyika kila baada ya saa 30 na zaidi. Dozi kali inayotoka mwilini kesho itamkuta amekaa tu. Hadi leo hajapata usugu dhidi ya penisilini. Kwa azithromaisini habari ni nyingine. Utafiti uliofanyika Mbeya, uliochapishwa mwaka 2005 ukiwa na washiriki 328, ulionyesha kwamba dozi moja ya vidonge ilikuwa sawa na sindano, na watu walifurahi. Lakini mabadiliko ya herufi moja tu kwenye ribosomu (kiwanda cha protini) ya bakteria, kwenye nafasi ya 2058 au 2059, yanatosha kuifanya dawa hiyo isimguse, na mabadiliko hayo yameenea katika nchi nyingi. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu amekwenda duka la dawa kununua vidonge vitatu kwa ushauri wa rafiki.

Mvuvi aambiwe mapema kwamba ndani ya saa 24 baada ya sindano anaweza kupata homa, baridi, maumivu ya kichwa, na vipele vikazidi kuwa vyekundu. Ni zile protini zenye kichwa cha mafuta nilizokutajia, ambazo zilikuwa zimefichwa chini ya utando. Bakteria wakifa kwa pamoja humwagika zote kwa mkupuo na kinga hushtuka. Wasioambiwa hudhani wamedhuriwa na dawa, na hawarudi tena. Mke wake aitwe apimwe, na akiwa mjamzito asisubirishwe hata siku moja: utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta takriban robo ya wajawazito wenye RPR ya juu ambao hawakutibiwa walizaa mtoto mfu, wakati waliopata dozi moja ya penisilini walijifungua sawa na wasio na ugonjwa.

Imebaki TPHA. Hiyo, tofauti na RPR, inatafuta kingamwili za protini za Treponema mwenyewe, na seli zinazozikumbuka protini hizo huishi muda mrefu sana kwenye uboho wa mifupa. Kwa wengi hubaki chanya maisha yote. Ni wachache tu, hasa waliotibiwa mapema kabisa kidonda kikiwa bado kipo, ambao hurudi hasi. TPHA inasema "mwili huu umewahi kukutana naye", haisemi lini. Wala haitofautishi kaswende na buba, ambayo bakteria wake ni ndugu wa damu wa huyu, kwa hiyo mzee wa kijijini aliyeugua buba utotoni anaweza kukutolea TPHA chanya bila kuwa na kaswende hata siku moja. Katika kituo kimoja, nisichokitaja, nilimkuta mama aliyedungwa penisilini mara 5 kwa mwaka kwa sababu kila akirudi kipimo cha haraka kilionyesha mistari miwili. Kipimo kile ni cha jamii ya TPHA. Kingeonyesha mistari miwili hata angedungwa mara 50, na mama yule alikuwa amekwisha kuachana na mumewe kwa kudhani anamwambukiza upya.

Kinachofuatiliwa ni RPR. Kutoka 1:64, tiba ikiwa imefanya kazi, unategemea ishuke hadi 1:16 au chini zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12, yaani hatua mbili za kuzimua, kwa sababu hatua moja inaweza kuwa tofauti ya mkono wako na wa mwenzako. Kwa baadhi ya watu itaganda kwenye 1:2 au 1:4 na kubaki hapo, na peke yake hilo si dalili kwamba bado wanaumwa. Ikipanda hatua mbili baada ya kushuka, muulize kuhusu mwenzi mpya kabla hujailaumu dawa. Na usilinganishe RPR na VDRL, kipimo kingine cha jamii yake, hata kama zote zimeandikwa kwa namba zinazofanana. Mwandikie kwenye daftari lake tarehe, jina la kipimo na 1:64, kwa wino unaosomeka, ili atakayempima miezi sita ijayo, akiwa hapo kwenu au huko Pangani atakakokuwa amefuata dagaa, awe na kitu cha kulinganishia.